Mboga za Fundi

Hakuna mtu katika nyumba zile za kupanga aliyezichukia mboga za majani kama Dobi, na hakuna aliyezipika kwa uaminifu kumshinda. Alfajiri, majirani wakiwa bado wanakoroma, yeye alikuwa amesimama jikoni kwake, yaani kona ya sebule iliyotengwa kwa pazia, akichambua majani huku amefumba jicho moja ili angalau hilo lipate usingizi. Anaosha kwanza ndipo anakata. Hakati kwanza akaosha, kwa sababu aliambiwa kliniki kwamba majani yaliyokwisha kukatwa ukiyaloweka, baadhi ya vitamini zinaondoka na maji. Anabandika, anafunika, anaepua mapema yakiwa bado na rangi yake. Kisha anachukua kikombe cha plastiki, anajaza, anashindilia kwa mgongo wa kijiko, anasawazisha ukingoni kama muuza unga mchoyo, anamimina kwenye bakuli na kulifunika kwa sahani. Hicho ni chakula cha mchana cha mumewe. Baada ya hapo ndipo anavaa viatu, ikiwa miguu imekubali kuingia.

Jina la Dobi alilipata kazini. Alifanya kazi ya kunyoosha mashuka katika hoteli kubwa, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, akilainisha vitanda vya watu ambao hakuwahi kuwaona hata kisogo. Joto la mle ndani lilikuwa la kumkausha mtu. Jioni alirudi miguu imevimba, mgongo unalalamika, na mtu akimsalimia njiani aliitikia salamu ya jana.

Mumewe aliitwa Fundi, na fundi alikuwa kweli, wa cherehani, mpaka moyo ulipomgomea. Vali moja ya moyo ilichakaa. Madaktari wakampasua kifua, wakatoa ile mbovu, wakaweka ya bandia, wakamrudisha nyumbani na kovu refu ambalo yeye mwenyewe hakuacha kulisema vibaya. "Mshono gani huu? Ningemshonea mteja hivi angenirudishia kitambaa usoni."

Pamoja na kovu alipewa kidonge cha kumeza kila siku mpaka mwisho wa maisha yake, na kliniki ya kwenda kupimwa damu. Aliyeisimamia kliniki ile alikuwa muuguzi mmoja mnene, mpole, ambaye kila mtu alimwita Sista. Siku ya kwanza Sista aliwakalisha wote wawili, akawaeleza kwa utaratibu kama mtu anayefundisha watoto kufunga kamba za viatu.

"Damu ikipita kwenye vali ya bandia inapenda kuganda," alisema. "Donge likitoka pale likapanda kichwani, mzee anapooza. Kidonge hiki kinazuia damu isigande. Sasa mboga za majani, hasa zile za kijani kibichi, zina vitamini K. Na vitamini K kazi yake ni kuisaidia damu kuganda. Ndiyo maana ukijikata kidole hutoki damu mpaka ukakauka. Mnaelewa? Mboga inavuta huku, kidonge kinavuta kule."

"Basi asile mboga," Dobi alisema haraka. Alikuwa tayari ameona usingizi wa nyongeza ukimjia.

"Hapana, mama. Mboga zina faida zake nyingi. Zina asidi ya foliki ya kutengenezea damu, zina nyuzinyuzi za kulainisha tumbo, zina vitu vya kulinda mishipa. Mimi sitaki tu zipande na kushuka. Leo sinia zima, kesho hakuna, keshokutwa masinia mawili, hapo ndipo unamuua. Ale kipimo kile kile kila siku, na mimi nitakipanga kidonge kiendane na kipimo hicho. Mnaweza?"

Fundi alitazama dari. Dobi akasema wanaweza.

Na hapo ndipo maisha yake yalipofungwa kwenye kikombe. Maneno ya Sista aliyabeba mazima mazima, bila kudondosha hata moja. Akaacha kulala kwa watu. Mdogo wake alipojifungua, alikwenda asubuhi akarudi jioni, akalaumiwa na ukoo mzima. Binti yake alipomsihi aende apumzike kwake japo wiki moja, alijibu, "Nani atampimia baba yako?" Binti akasema baba ana mikono. Dobi akacheka kicheko kile cha puani, cha mwanamke aliyewahi kuona mumewe akitafuta chumvi.

Kusema kweli aliumia. Asifikiri mtu kwamba aliamka akiimba. Kulikuwa na alfajiri alizoyakata majani yale huku machozi yanamtoka, na hapakuwa na kitunguu. Alichoka mpaka uchovu ukawa ndiyo hali yake ya kawaida, na siku asipouona alijipapasa kama mtu aliyesahau pochi. Lakini alikuwa na furaha moja, na hiyo hakumgawia mtu. Kila walipokwenda kliniki, Sista alimtoboa Fundi kidole, akasoma namba kwenye mashine, akatabasamu. Namba ilikuwa pale pale, imetulia. "Mama, nyinyi ni wa mfano," Sista alisema mbele ya foleni nzima. "Wengine namba zao zinaruka kama panzi. Huyu mzee yuko hai kwa sababu yako." Dobi alirudi nyumbani siku hizo miguu ikiwa miepesi kidogo.

Jioni alipouliza, "Ulikula?" Fundi alimwonyesha bakuli tupu, limeoshwa na kufutwa. "Tamu," alisema. "Leo umejishinda."

Nyuma ya nyumba yao aliishi mjane mmoja mfugaji, ambaye watu walimwita Mama Bata. Bata wake walikuwa wanene kupita kiasi, na walimpenda Fundi mapenzi ya ajabu. Akitoka nje tu kuota jua, walimjia mbio wakitikisa makalio, wakamzunguka miguuni. Dobi aliwahi kumtania kwamba amepata wake wenza. Fundi akajibu kwamba bata ni viumbe wanaojua mtu mwema. Mama Bata naye alijitia hamnazo, akaendelea kuokota mayai.

Basi ikawa bomba la mvuke likapasuka kule hotelini. Hakuumia mtu, lakini chumba cha kufulia kilifungwa kitengenezwe, na wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Dobi alilala siku ya kwanza mchana kutwa. Siku ya pili akaamka, akapika mboga bila haraka, na ilipofika mchana akaandaa meza, akaketi mbele ya mumewe na sahani yake mwenyewe.

"Leo tunakula wote kama watu," alisema.

Fundi aliliangalia bakuli. Akaangalia dirisha. Akamwangalia mkewe, ambaye alikuwa ameegemea mkono shavuni, anamsubiri aonje. Akachukua kijiko, akala. Alitafuna muda mrefu sana, akameza kwa kuvuta shingo.

"Zina nini?" Dobi aliuliza.

"Hazina kitu. Tamu."

"Mbona unakula kama unameza kokoto?"

"Meno, mama watoto. Meno ya uzee."

Huko nje bata walikuja mpaka chini ya dirisha, wakapiga kelele za kudai. Hawakuondoka. Dobi alilazimika kutoka na ufagio awafukuze, na aliporudi akamkuta mumewe amesimama na bakuli mkononi, nusu ya safari ya kwenda dirishani. "Nilitaka kuona kama umewapiga," alisema Fundi, akaketi tena, akamaliza.

Siku zikaenda hivyo. Mchana Dobi anaketi, Fundi anakula. Akimaliza, Dobi anaridhika, anamwambia uso umeng'aa. Na kweli kulikuwa na kilichobadilika. Tumbo la Fundi, ambalo kwa miaka lilikuwa gumu kama jiwe, likimkalisha chooni mpaka wapangaji wenzake wanagonga mlango, lilianza kwenda vizuri. Dobi alimpongeza kwa hilo. Fundi akasema ni hewa ya nyumbani mkewe akiwepo.

Halafu mchana mmoja alikuwa anarudishia kifungo cha shati, kazi ndogo ambayo mikono yake iliifanya yenyewe. Sindano ikaanguka. Akainama kuiokota, mkono wa kulia haukwenda. Dobi alikuwa anakunja nguo. Alipoinua macho aliona mdomo wa mumewe umevutwa upande, na maneno yanayotoka hayakuwa maneno.

Alipiga ukelele uliomtoa Mama Bata kwenye vyungu vyake. Dereva wa teksi aliyekaa jengo la mbele akaleta gari mpaka mlangoni, wakambeba Fundi na kiti chake. Njiani Dobi alimshika kichwa mapajani na kumwambia neno moja tu, analirudia: "Usinifanyie hivi. Usinifanyie hivi."

Mungu si wa mmoja. Walipofika hospitali mdomo ulikuwa umeanza kurudi, na kabla jua halijashuka mkono uliweza kushika kidole. Daktari kijana alisema ni donge dogo, limepita bila kukaa. Limeonya tu. Lakini likija jingine linaweza lisiwe na adabu hiyo. Alipoitazama namba ya damu, uso ulimbadilika. Ilikuwa chini mno. Damu ya Fundi ilikuwa nzito kama ya mtu asiyemeza dawa kabisa.

Daktari akamgeukia Dobi. "Mama, dawa anameza?"

"Anameza mbele yangu."

"Mmebadilisha chakula?"

"Hakuna kilichobadilika. Kikombe kile kile. Miaka yote kikombe kile kile!"

Daktari alimwangalia kwa lile jicho wanalolijua wake wa wagonjwa, jicho la kusema ukweli utatoka tu. Sista naye akaitwa kutoka kliniki. Akasikiliza, akakuna kichwa chini ya kofia. Alimfahamu Dobi, hakumshuku. Lakini namba ilikuwa namba.

Dobi akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, katika wodi iliyojaa wanaume na jamaa zao, na akaanza kujihukumu. Labda alishindilia sana. Labda majani ya siku hizi yana nguvu zaidi, yamekuzwa na mbolea nyingine. Labda siku ile mkono uliteleza, na siku nyingine tena, na yeye kwa usingizi hakuona. Alikaa pale mpaka akaamini kabisa kwamba amemwua mumewe kwa kijiko.

"Ni mimi," alimwambia Sista. "Niandikieni ni mimi. Nimechoka, Sista, macho hayaoni vizuri alfajiri. Nimekosea kipimo."

Hapo ndipo Fundi aliyekuwa kitandani, macho yamefumbwa, alipolia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka kuelekea masikioni.

"Hakukosea," alisema. Ulimi ulikuwa bado mzito, lakini kila mtu alielewa. "Mimi nilikuwa sizili."

Dobi aligeuka. "Huli nini?"

"Mboga."

"Tangu lini?"

Fundi akafumba tena macho. Ni Sista aliyeona jibu usoni mwake. "Tangu mwanzo, mzee?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Siku ya kwanza nilionja. Zikanirudia. Nilikuwa nimetoka hospitali, kila kitu kinanuka dawa. Nikasema kesho. Kesho nayo nikawapa bata. Aliporudi jioni akaniuliza kwa furaha, nikasema tamu. Basi. Baada ya hapo ningesemaje?"

Sista aliketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo wauguzi hukatazwa, akapumua. Halafu akaeleza, na alipokuwa anaeleza alikuwa kama anajieleza mwenyewe. Kidonge cha Fundi kilikuwa kimepangwa kwa mtu asiyekula majani hata moja. Dozi ndogo, na ilimtosha, kwa sababu hapakuwa na vitamini K ya kuipinga. Ndiyo maana namba ilitulia miaka yote, kwa kuwa sifuri nayo ni kipimo kisichobadilika. Dobi alipokaa naye mezani na kumfanya ale kikombe kizima kila siku, damu ikapata nguvu ya kuganda ambayo dozi ile haikuwahi kupambana nayo. Mboga hazikuwa na kosa. Kikombe hakikuwa na kosa. Walikuwa wamempangia dawa mwanaume mmoja, na bakuli lilikuwa la mwingine.

"Hata tumbo lake," Sista aliongeza, kwa sababu alikumbuka malalamiko ya zamani. "Zile nyuzinyuzi walikuwa wanazipata bata."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, akajikohoza ili ionekane ni kifua.

Dobi hakucheka. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, viganja vikitazama juu, kama mtu aliyepokonywa alichobeba. Miaka yote ile. Mtoto wa mdogo wake hakumpakata tena mpaka alipoota meno. Sifa zote zile mbele ya foleni, huyu mzee yuko hai kwa sababu yako. Mumewe alikuwa hai bila yeye, na siku alipoketi kumlisha kweli ndipo alipotaka kufa.

"Sasa mtachagua," Sista alisema kwa upole. "Naweza kumrudisha kwenye kutokula majani, dozi ile ile ya zamani, na nyuzinyuzi azipate kwenye maharage, boga, karoti na matunda. Hivyo havina vitamini K ya kutusumbua. Au ale mboga, na mimi nipandishe kidonge polepole, aje kupimwa mara kwa mara mpaka namba itulie. Yote mawili yanawezekana. Ila mkichagua moja msiyumbe tena."

"Nitakula," Fundi alisema haraka. "Nitakula zote. Mbele yake."

"Usinifanyie hisani," Dobi alisema.

Sista akainuka, akasema anakwenda kutafuta daktari, akawaacha. Wodi nzima ilijitia kushughulika na mashuka yake.

"Nisamehe," Fundi alisema.

"Nimechoka."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekula, au ungesema. Ulikuwa unanisikia pale jikoni. Ulikuwa unanisikia miguu inaniuma, natembea kama bibi kizee, na umelala."

"Sikuwa nimelala."

"Ndiyo vibaya zaidi!"

Fundi alitazama mkono wake wa kulia, akafungua vidole, akavifunga. Mtu wa maneno matamu, na sasa maneno yalimtoka moja moja. "Nilikuwa macho kila siku. Nasikiliza unakata. Ukimaliza ulikuwa unakuja kitandani, unanishika bega, unasema mboga yako ipo mezani. Halafu unaondoka mpaka jioni, na jioni unarudi umekufa, hata jina langu huliiti. Nikasema nikimwambia sili, atalala mpaka saa ya kazi, ataondoka mbio. Hatakuja tena kunishika bega. Nikaona afadhali bata washibe."

Dobi alimkodolea macho. Sauti ilimtoka nusu hasira, nusu kilio.

"Mwanaume wewe! Si ungesema unataka kushikwa bega? Bega halichambuliwi. Bega halioshwi. Ningekushika nikiwa nimelala!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili hakukohoa safari hii.

Sista aliporudi na daktari, akauliza wameamua nini. Fundi akamtazama mkewe. Dobi alifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Hatakula," alisema. "Mrudishieni dozi yake. Asile hata jani moja, na mimi nisiamke alfajiri."

Kisha akakivuta kiti cha plastiki kikagusana na kitanda, akaweka mkono juu ya bega la mumewe, bila kumwangalia, kama mtu anayeweka mzigo mahali pake. Kabla daktari hajamaliza kueleza, alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Fundi akawaomba watu wa wodi wapunguze sauti.